Kiatu cha Kushoto Kinabaki Hapa

Neema, wewe na wenzako mliobaki mnapangusa vumbi mule ndani, mmeniomba niandike nilichojifunza katika miaka yangu ya maktaba, hasa juu ya habari za ufadhili. Nimefurahi. Mlinifanyia sherehe nzuri, mkanipa saa ya ukutani, mkasema betri zake bado zinatafutiwa mfadhili. Saa hiyo nimeitundika sebuleni kwangu Nyamianda na tangu siku ile inaonyesha saa nne. Wajukuu wakiniuliza ni saa ngapi, nawajibu kwamba ni saa nne, tunasubiri jibu la dosye ya maombi.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyenyewe vilitusahau zamani, nasi tuvisahau kidogo.

Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa viatu vipya vya rangi ya kahawia. Mama yangu alikuwa amelima mpunga Bwegera msimu mzima, na baada ya mavuno akaninunulia viatu ili nisiaibike mbele ya watu wa biro, wale wa ofisini. Maktaba ilikuwa palepale ilipo leo, mtaa wa Kimanga, ile nyumba ndefu ambayo zamani ilikuwa depo la kuhifadhia pamba, barabara upande wa juu, ziwa upande wa chini. Nilitegemea kukuta makabati ya vioo na watu wanaonong'ona. Nikakuta mzee mwembamba nyuma ya meza anamenya karanga. Huyo alikuwa Papa Lwaboshi, mwalimu wa zamani, mkubwa wa maktaba na mfanyakazi wake wa pekee. Nikamnyooshea barua yangu ya kazi kwa mikono miwili. Hakuitazama. Alitazama miguu yangu.

"Kiatu ya kushoto," akasema.

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mimi si msomaji, mimi ni mfanyakazi mpya.

"Njo vile minye nasema. Kiatu ya kushoto."

Nikavua. Akakiweka kwenye rafu nyuma yake, katikati ya babushi, zile ndala za plastiki, viatu vya mpira na kiatu kimoja cha harusi, kisha akanipa kitambaa nianze kupangusa vitabu. Siku nzima nilitembea kwenye sakafu ya simenti na mguu mmoja mtupu, nikijiuliza kama mama yangu alilima mpunga kwa ajili ya hiyo.

Sheria yenyewe ninyi mnaijua, lakini watakaokuja baada yenu huenda wakaiona ni uchawi, kwa hiyo naiandika. Anayeingia kusoma anaacha kiatu cha kushoto mezani. Anachukua kitabu, anakaa kwenye ubao wa kukalia, anasoma. Akirudisha kitabu, anarudishiwa kiatu. Hakuna kadi, hakuna picha. Jioni ile nilimwambia Papa Lwaboshi kwamba mwizi mwenye akili atakuja na babushi iliyokatika, aiache, aondoke na kitabu kizuri. Aliona swali langu ni la mtoto mchanga. Akanieleza kwamba bei ya kiatu si kitu. Jambo ni njia ya kurudi nyumbani. Mtu akipita Kimanga na kiatu kimoja, kabla hajafika kwake ameulizwa na wauza mikate, wauza mkaa, mama mkwe na hata mtu asiyemjua: kingine kiko wapi? Sasa atajibu nini? Atasema ameiba kitabu? Polisi wanalala, akasema, lakini watu wa Uvira hawalali wakiona jambo la kuuliza. Na kweli, miaka yote ile vitabu tulivyopoteza vililiwa na panya, ambao hawavai viatu.

Mengine ya kazi alinifundisha bila maneno mengi. Gundi ya kubandikia migongo ya vitabu tulipika kwa unga wa muhogo, tukaweka pilipili iliyosagwa, kwa sababu muhogo mtupu ni karamu ya mende. Kitabu kilichoachana kurasa tulikishona kwa uzi wa nyavu za ndagala, yaani dagaa, ule ambao meno hayaukati. Kilicholowa hukianiki juani. Unaweka magazeti ya zamani kati ya kurasa, unaweka jiwe juu, unabadilisha magazeti asubuhi na jioni, na unavumilia harufu. Hayo ndiyo magazeti pekee ninayojua yaliyosaidia maktaba. Papa Lwaboshi alipozeeka akaniachia meza, sindano, sufuria ya gundi, na kile kibao alichoandika kwa rangi ya mtumbwi: KIATU CHA KUSHOTO KINABAKI HAPA. Alipokufa tulimzika na viatu vyote viwili. Mjane wake aliniuliza kama inaruhusiwa, nami nikalia nikicheka.

Sasa tuje kwenye ufadhili, maana naona mmeanza kuruka mistari.

Habari za ufadhili zililetwa na Shefu Kashindi, mkubwa wa huduma ya utamaduni mjini. Mtu safi, viatu vyake vina ncha kali na vinang'aa, na moyo wake si mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alipenda matangazo. Angefika akihema, simu mkononi, aseme, "Mama, kuko apeli," yaani kuna wafadhili wanaita proje au miradi ya maktaba za umma katika jimbo letu. Kisha tungesoma masharti. Apeli moja ilitaka dosye itumwe kwa intaneti tu, nayo ilikuwa ya kusaidia maktaba zisizo na umeme. Nyingine ilitaka picha ya gari la maktaba. Papa Lwaboshi, alipokuwa hai, alikuwa na baiskeli tu, na hiyo ilikuwa ya shemeji yake. Ya tatu ilikuwa nzuri kabisa, masharti rahisi, ila ilipotufikia kutoka Bukavu muda ulikuwa umepita. Habari mbaya kwetu hupanda moto, yaani pikipiki. Habari njema hutembea kwa miguu.

Halafu kulikuwa na ateliye, yaani semina. Wazee walisema ahadi ni deni. Kwa wafadhili wetu ahadi ni ateliye. Walituita hotelini kando ya ziwa kutufundisha namna ya kuandika proje, tukala kuku na chipsi, tukapewa kofia. Mwaka uliofuata walituita tena kutueleza kwa nini proje tulizoandika hazikuandikwa vizuri. Kuku, chipsi, kofia. Kofia hizo nimezikusanya nyingi, zimeandikwa kwamba kusoma ni maisha, na ninawahakikishia hakuna kitambaa kinachopangusa rafu kuzidi hizo. Na ukisikia mtu anasema "uendelevu", Neema, jua maana yake: atatoa kidogo, kisha hutamwona tena.

Mara moja tu mfadhili alikubali kuja mwenyewe kutazama. Jina lake tumwite Madamu, maana hivyo ndivyo tulivyomwita. Shefu Kashindi hakulala wiki nzima kwa furaha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo? Asubuhi ya ziara wasomaji wangu walikuwa wamekaa kama kawaida: wanafunzi wa mtihani, motari wawili, madereva wa pikipiki, wanaosoma habari za injini, na Mama Vumilia muuza ndagala, ambaye kila siku kabla ya biashara alisoma kitabu cha uzazi kurasa chache, ingawa watoto wake walikuwa wakubwa. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba anataka kujua mambo yale yalipitaje pitaje.

Shefu akaingia, akashika kichwa. Angepokeaje mgeni mkubwa katika nyumba imejaa watu na harufu ya ndagala? Na ile rafu ya viatu, aibu gani hiyo! Mbele yangu, nikipinga mpaka sauti inakauka, akatoa kila mtu nje kwa heshima ya mgeni, mlinzi wake akakusanya viatu kwenye gunia na kulificha nyuma ya choo. Sakafu ikapigwa maji na sabuni. Kwenye meza ikawekwa chupa ya maua ya plastiki. Maktaba ilipendeza mno, mtu angedhani imekufa imevalishwa.

Madamu akatembea katikati ya mbao tupu, akauliza kwa upole kama huwa kuna wasomaji. Shefu akainama, akamjibu kwa fahari kwamba wapo wengi sana, ila wamefukuzwa kwa ajili yake. Madamu akaandika kitu. Alipotoka akawaona ng'ambo ya barabara, mstari mzima wa watu wamesimama kimya wanasubiri, kila mmoja na kiatu kimoja. Akatazama muda mrefu. Akauliza kama ni dini.

Jibu lilikuja upesi, kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Rapori, ile ripoti ya ziara, ilisema maktaba ni safi lakini haina wasomaji. Ilisema pia kwamba hali ya viatu katika kata ni ya kusikitisha. Baada ya muda likaja gari limejaa viatu vya msaada kwa wakazi wa Kimanga. Sikutunga hili. Maktaba haikupata hata bawaba ya dirisha, ila wasomaji wangu kwa miezi kadhaa walivaa vizuri kuliko Shefu.

Mngefikiri tumecheka, yakaisha. Hayakuisha. Rapori ile ilifika mezani kwa wakubwa wa mji, nao wakasoma neno moja tu: haina wasomaji. Kumbe nyumba ndefu iko pale barabarani, kavu, ina paa, haina kazi! Akapatikana mfanyabiashara mmoja anayehitaji mahali pa kuweka simenti. Tukaambiwa kwamba masika yakiisha, na kama hatujapata mfadhili wa kuonyesha tuko hai, tutoe vitabu vyetu. Tuvipeleke wapi? Hilo halikuandikwa. Niliporudi nyumbani nilikaa jikoni nikalia kwa hasira. Nilikuwa karibu kustaafu. Papa Lwaboshi aliniachia nyumba yenye watu, na mimi ningekuwa yule aliyemkabidhi mwenye simenti ufunguo.

Shefu Kashindi aliona haya, ninampa haki yake. Hakuleta matangazo kwa muda, na hiyo kwake ilikuwa kama kufunga Kwaresima. Kisha akaja na moja, kwa sauti ndogo. Mfadhili yuleyule, apeli mpya: watasaidia maktaba zinazoonyesha kwamba jamii inazimiliki. Aliniuliza hiyo inaonyeshwaje. Nikamwambia aanze kwa kutomfukuza mtu yeyote. Tukaandika dosye, Madamu akakubali kurudi kabla masika hayajaisha. Safari hii tutamwonyesha watu, viatu na harufu ya ndagala.

Wiki ya ziara, mvua haikupumzika. Mnajua miaka hii ziwa limepoteza adabu, linapanda mpaka kwenye nyumba za watu bila hodi. Asubuhi moja, wasomaji wameshakaa, maji yakaanza kuingia chini ya mlango wa nyuma. Kwanza kama mtu amemwaga ndoo. Kabla sijamaliza kuinua vitabu vya rafu ya chini, yalikuwa yamefika vifundoni. Nikasema watu watoke. Hakuna aliyetoka mikono mitupu. Mama Vumilia alimwaga ndagala zake mezani, zile za biashara ya siku nzima, akajaza beseni vitabu.

Nikamwambia achukue kiatu chake, kiko pale juu, maji yatakifikia. Akanitazama kama nimemtukana.

"Minye niko natoka na vitabu, weye unanirudishia kiatu? Iache. Kesho usiseme Vumilia aliiba."

Akaondoka kwenye mvua, beseni kichwani, mguu mmoja mtupu. Wa nyuma yake wakafanya vilevile. Kisha wakaingia watu wa barabarani, watu ambao sijawahi kuwaona na kitabu: wabeba mizigo, wasuka nywele, vijana wa moto. Kila mmoja alifika mezani, akavua kiatu cha kushoto, akakirusha rafu ya juu, akabeba alichoweza. Hakuna aliyewaambia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye maji nasema aksanti, aksanti, mpaka neno likaisha maana. Shefu Kashindi alifika amelowa, akaangalia mambo yale, akainama, akafungua kamba za kile kiatu chake cha ncha. Akabeba kamusi zote tatu, zile nzito, akaenda zake akichechemea.

Maji yalipotoka yaliacha tope, vyura, na mbao zimepinduka. Rafu zilikuwa tupu, isipokuwa ile ya juu, ambayo ilijaa viatu vya kushoto mpaka vinaanguka. Na katika hali hiyo Madamu akaja kwa ziara yake. Wenzetu hao hawachelewi ila kwa pesa.

Akauliza vitabu viko wapi. Nikamjibu kwamba viko nyumbani kwa watu. Watu gani? Sijui wote. Nimeandika majina? Hapana, nilikuwa kwenye maji. Basi nitavipataje? Nikamwonyesha viatu. Nikamweleza yote aliyonieleza Papa Lwaboshi, kwamba kila aliyebeba kitabu amepita mjini na kiatu kimoja, ameulizwa na kila jirani, na kila jirani anajua sasa kitabu kiko nyumba gani. Nilisema, Madamu, mji wote ndio unaandika. Alinisikiliza kwa huruma. Alinishika hata bega. Rapori yake, niliyoisoma baadaye, ilisema kwamba mali yote ya maktaba imepotea, na kwamba umiliki wa jamii haukuthibitishwa. Ilipendekeza ateliye juu ya maktaba na mafuriko. Nilikwenda. Kuku, chipsi, kofia.

Wakubwa hawakusubiri zaidi. Maktaba haina wasomaji, sasa hata vitabu haina. Hata mimi ningeona ni depo. Jumamosi moja lori la simenti likapiga honi mlangoni. Mfanyabiashara alishuka na karatasi yake yenye muhuri, akaniomba ufunguo, na bila ukali. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kwenye uzi wa ndagala. Nilihisi uzito wake wote.

Nilikuwa bado naulegeza uzi nilipomwona Mama Vumilia anashuka barabara, beseni kichwani. Vitabu alikuwa amevikausha kwa magazeti na mawe, kama nilivyowafundisha wasomaji wangu, na vilinuka ndagala, hata leo vinanuka. Nyuma yake watu. Jua lilikuwa la kwanza baada ya siku nyingi, na kila nyumba ilikuwa imefikiri jambo moja: leo njia imekauka, turudishe. Wengine walikuja wamevaa viatu vingine, wamekishika mkononi kile cha kulia. Walijaza barabara, wakalizunguka lori, hakuna aliyegombana na mtu. Walitaka viatu vyao.

Shefu Kashindi alikuwa katikati yao na kamusi zake tatu. Mfanyabiashara akamwendea kwa furaha, maana huyu ni mtu wa serikali, atafahamu karatasi. Shefu akaisoma yote, pamoja na muhuri. Kisha akamrudishia.

"Papa," akasema, "hii nyumba iko na viatu ya batu mu mlango. Weye ulishaona wapi mutu anaingia mu nyumba ya benyewe, viatu yabo iko pale, anasema nyumba haiko na mutu?"

Mwenye simenti akaangalia rafu. Akaangalia watu. Ni mtoto wa hapahapa, mama yake alimlea hapahapa, na ukifika kwa watu ukakuta viatu mlangoni unabisha hodi, unangoja. Hapo karatasi haina la kusema. Alikunja yake akaiweka mfukoni, akamwambia dereva ageuze. Mpaka leo hajarudi, wala barua ya kutuondoa haijaandikwa tena. Nasikia wakubwa wanangoja dati nzuri, tarehe ya kufaa. Waache wangoje, na sisi tumeshangoja sana.

Tulirudisha vitabu mpaka jioni. Vilivyokosekana vilikuwa vichache mno, na hata hivyo kila mtu alijua viko kwa nani, na mwenyewe alikuwa anatukanwa na majirani mpaka akavileta. Mfadhili hatujampata. Habari mpya zinakuja kila mwezi, Shefu Kashindi anazisoma, tunacheka, anazifuta. Gundi bado ni muhogo na pilipili.

Sasa, Neema, ile siku yangu ya mwisho. Baada ya hotuba na ile saa, nilichukua kitabu kimoja nikipeleke nyumbani, kile cha uzazi, nione nami Mama Vumilia alipata nini mule. Nilidhani nimeshakuwa mtu mkubwa. Wewe ulikuwa mezani, umekaa pale alipokaa mzee, hukunitazama usoni. Ulitazama miguu yangu.

"Mama," ukasema, "kiatu ya kushoto."

Nilivua, nikakiweka mezani. Nilikwenda kutoka Kimanga hadi Nyamianda, mimi mzee wa wajukuu, nimevaa vitenge vya sherehe na kiatu kimoja, saa ya ukutani kwapani. Waliniuliza wauza mikate. Waliniuliza wauza mkaa. Karibu na nyumbani mtoto wa jirani akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote, kiatu changu kingine kiko wapi.

Nikamwambia bado kiko kazini.